Vya stoo au vya kukodi? Begi la mzamiaji anayerudi baharini Mombasa

Umekaa nchi kavu miaka miwili, mitatu. Cheti chako bado kinafanya kazi, maana vyeti vya uzamiaji havina tarehe ya kuisha, lakini begi limelala stoo tangu siku uliyolisuuza mbiombio na kulirusha juu ya kabati. Sasa wikendi ndefu imekaribia, nafasi kwenye treni zipo, na unajiuliza: nibebe vyote, nibebe nusu, au niende mikono mitupu nikakodi Nyali au Bamburi?

Kwa ufupi, kinachokaa mwilini beba chako. Kinachobeba hewa kodi, isipokuwa kama kimepita kwa fundi katika miezi 12 iliyopita. Ukipima seti kamili bila mtungi wala risasi, yaani vyuma vya uzito vya kukuzamisha, utapata kilo 10 hadi 13, kwa hiyo aendaye kwa gari lake na aendaye kwa ndege hawafanyi hesabu moja. Tuvichukue kimoja kimoja.

Regyuleta: hapa ndipo penye ubishi

Anayetetea regyuleta yake, yaani kifaa cha kupumulia hewa ya mtungini, ana hoja. Amezoea inavyovuta, kipande cha mdomoni kimekaa sawa na meno yake, na anajua nani ameitumia. Tatizo ni kwamba regyuleta iliyowekwa stoo haipumziki, inazeeka. Katika hatua ya pili, yaani ile sehemu unayoiuma, kuna kikalio cha mpira kinachobanwa na springi dhidi ya ukingo mkali wa chuma. Regyuleta ikiwa kazini, presha ya hewa hupunguza mbano huo. Ikiwa stoo bila hewa, springi hubana mchana na usiku, na baada ya miaka miwili mpira huwa umechorwa duara. Ukifungua mtungi, hewa inatiririka yenyewe bila wewe kuvuta. Huko nyuma, kwenye hatua ya kwanza inayofungwa mtungini, oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, zimekauka na pengine maji ya chumvi yaliyopenya siku ile ya haraka yameshafanya kazi yake.

Yapo mambo unayoweza kuyakagua nyumbani bila mtungi, kwa dakika 10 tu. Kwanza angalia kichujio kidogo kwenye mdomo wa hatua ya kwanza, ile duara ya chuma yenye vitundu. Rangi ya kijani maana yake maji ya bahari yaliingia. Hudhurungi ni kutu kutoka mtungi wa chuma. Nyeusi ni masizi au mafuta ya kompresa. Ukiona rangi yoyote kati ya hizo, usiendelee na majaribio, peleka kwa fundi. Kikiwa kinang'aa, funga kifuniko cha vumbi kikaze, weka hatua ya pili mdomoni na uvute polepole. Isitoke hata chembe ya hewa. Ikipita, basi kile kiwambo laini cha kutolea pumzi kimechanika au kimegandishwa na chumvi, na chini ya maji utakunywa bahari kila unapovuta. Rudia kwa ile ya akiba, maana watu huisahau kisha inakuja kuhitajika na mwenzao.

Sogeza vile vikinga vya mpira kwenye ncha za paipu, upinde kidogo, utafute nyufa. Paipu hukatika hapo hapo chini ya kikinga, mahali usipopaona. Kisha mulika tochi ndani ya kipande cha mdomoni. Kwa hali ya hewa ya kwetu, mende na nyigu wa udongo wanapapenda sana.

Hayo yote yakipita, bado hujui presha ya katikati. Hatua ya kwanza hupunguza bari 200 za mtungini mpaka kiasi cha bari 9 hadi 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Fundi hufunga geji na kutazama sindano: ikitulia hapo, vyema, ikipanda taratibu bila kusimama, kikalio cha ndani kimekwisha na siku moja itamwaga hewa yote. Hilo huwezi kulijua kwa kusikiliza. Watengenezaji wengi wanataka servisi kila mwaka au kila mizamo 100, wengine wanaruhusu miaka miwili mradi ikaguliwe kila mwaka. Fundi anahitaji oringi na vikalio vya modeli yako hasa, na visipokuwepo vinaagizwa. Anza wiki 6 kabla ya safari. Ukikumbuka siku nne kabla, umeshachelewa, kodi tu.

Ya kukodi ina faida ambayo wengi hawaihesabu: inatumika kila siku, kwa hiyo kasoro ndogo hujitokeza mapema na hutokea mikononi mwa wanaojua kuitengeneza. Ubaya wake ni kwamba kipande cha mdomoni kimetafunwa na watu mia kabla yako. Dawa yake ni rahisi. Beba kipande chako kipya na tai mbili za plastiki, omba ruhusa ubadilishe. Kuwa na uhakika tai imekaza, maana isipokaza utabaki na mpira mdomoni na regyuleta ikining'inia begani.

Ukibeba yako, uliza kabla ya kusafiri kama mitungi yao ina valvu ya klampu au ya kuparafujia, ile inayoitwa DIN. Kuchukua ya DIN bila adapta penye mitungi ya klampu ni kubeba kilo mbili na nusu za bure.

Jaketi ya kuelea

Kwa hili hatusiti: kodi, labda kama unakuja na gari. Jaketi ina kilo 3 au 4, inajaza begi, na ya kukodi haina tofauti kubwa ikiwa saizi ni yako.

Ukishikilia yako, ijaze kwa mdomo mpaka valvu ya usalama ilie, uiache usiku kucha. Asubuhi ikiwa imelegea, inavuja. Pakaa maji ya sabuni utafute mapovu. Itikise karibu na sikio. Ukisikia mchanga mchanga, hizo ni fuwele za chumvi ndani, zinakwangua mfuko. Mimina lita moja au mbili za maji baridi yasiyo na chumvi, zungusha, mwaga, rudia.

Kitufe cha kujazia hewa ndicho cha kuogopa. Chumvi ikikauka pembeni yake, kinabonyea na hakirudi. Juu ya boti ni kero. Mita 18 chini ni jaketi inayojijaza yenyewe na kukupeleka juu kama chupa tupu. Bonyeza mara 20 ukiwa umeunganisha hewa, jaketi iwe yako au ya kukodi, na ujizoeze kuchomoa ile paipu kwa mkono mmoja macho yakiwa yamefumbwa. Vidole vilivyokaa miaka miwili bila kufanya hivyo husahau.

Miwani, kompyuta, na vidogo vingine vya kwako

Miwani ya mbizi ni yako, mjadala hakuna. Uso wako haujabadilika, na miwani isiyovuja ni nusu ya utulivu wa mzamo wa kwanza. Anayetumia lenzi za daktari ndiyo kabisa, hatapata saizi yake kwenye kreti la kituo. Silikoni kuwa ya manjano si ugonjwa, ila ikinata vidoleni au ikiwa ngumu, nunua nyingine. Kunja mkanda kwenye vifungo: ukiona mistari myeupe, utakatika siku ya boti, kwa hiyo beba wa akiba. Miwani mpya isuguliwe ndani ya kioo kwa dawa ya meno isiyo jeli, mara tatu au nne, kuondoa utando wa kiwandani. Bila hivyo itaingia ukungu hata uiteme mate vipi.

Kompyuta ya mbizi, ile ya kuvaa mkononi inayokuhesabia kina na dakika, nayo beba, lakini betri kwanza. Ile iliyokaa miaka miwili inaweza kuwaka vizuri sebuleni na kuzima majini. Ukibadilisha betri mwenyewe, paka oringi grisi ya silikoni kidogo tu, iwe inang'aa bila kubeba donge. Vaselini hapana, hiyo ni ya ngozi. Kisha rekebisha tarehe na saa, na angalia mchanganyiko wa gesi. Kompyuta iliyoachwa kwenye asilimia 32 ya oksijeni tangu safari ya zamani itakupa dakika nyingi kuliko unazostahili ukizamia na hewa ya kawaida, na haitalalamika. Ukikodi, kodi moja na ukae nayo safari nzima, siku zote. Kompyuta ndiyo inayokumbuka nitrojeni ya hewa ya mtungini iliyobaki mwilini mwako tangu jana. Ukichukua nyingine asubuhi, ile haikujui.

Boya la kuinua juu na filimbi ni gramu chache. Vibebe hata kama kituo kinatoa kimoja kwa kiongozi. Nje ya mwamba mkondo unavuta, na mawimbi ya mita moja yanatosha kuficha kichwa cha mtu.

Suti na mapezi: inategemea kitambi na msimu

Maji ya Mombasa huwa nyuzi 24 hadi 26 wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti, na hufika 29 au 30 ifikapo Machi. Kwa kaskazi suti ya milimita 3 inatosha, hata fupi kwa wengine. Kwa kusi, mwenye baridi atashukuru milimita 5 kwenye mzamo wa pili.

Ijaribu wiki mbili kabla, na ukae nayo dakika 10 ukichuchumaa na kuinua mikono. Niopreni, ule mpira wa suti, hukauka na kupoteza mnyumbuko, na wewe, tuseme ukweli, huenda umeongezeka. Shingo inayobana hukuletea kuhema na wasiwasi ambao utaudhania ni woga wa bahari. Ikikubana kifuani, kodi. Suti ya kukodi imekojolewa na wengi, wala usiulize. Vaa fulana nyembamba ya kuogelea ndani yake na maisha yaendelee.

Mapezi ya kuvaa mguu mtupu ni mepesi na yanakutosha wewe tu, beba. Yale ya mkanda yenye viatu, angalia soli za viatu kwanza. Gundi huachia baada ya miaka ya joto, hasa kama begi lilikaa kwenye buti la gari, na soli hubanduka ukipanda ngazi ya boti. Vuta soli kwa nguvu nyumbani. Afadhali ibanduke hapo.

Risasi

Usibebe hata moja, kituo kinazo. Kinachotakiwa kubebwa ni namba, na hiyo namba ya zamani kwenye daftari lako huenda ni ya uongo. Mtungi wa aluminiamu wa lita 11.1 ukiwa na bari 200 una hewa ya kiasi cha lita 2,200, yenye uzito wa kilo 2.6 hivi. Hewa hiyo ikiisha, mtungi unaanza kuelea. Kama daftari linasema kilo 4 ukiwa na mtungi wa chuma, hapa utapanda juu mwishoni bila kupenda, wakati ndipo unapotaka kutulia mita 5 kwa dakika 3 za usalama. Pima upya: jaketi tupu, pumzi ya kawaida umeishika, maji yawe usawa wa macho. Ukipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2.

Kusi au kaskazi, mwamba au Dania

Tarehe kwanza. Oktoba hadi Machi ndio wakati wa kurudi. Mvua za Aprili na Mei huleta tope kutoka kwenye mikono ya bahari, kisha kusi huchafua maji na kukoroga mawimbi nje ya mwamba. Vituo vingine hupunguza kazi au hufunga kipindi hicho. Mzoefu anaweza kuvumilia uwazi wa mita 5. Aliyekaa miaka mitatu bila kuzamia asianze hivyo. Tazama na mwezi pia. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na milango ya mwamba huvuta kama mto. Siku za maji mafu ni za upole zaidi.

Halafu mahali. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ina mteremko wa mwamba wa mita 10 hadi 20 wenye kasa, pono na mikunga ya kutosha kumfurahisha yeyote. Upande wa pili kuna MV Dania, meli ya kubeba mifugo ya urefu wa mita 80 hivi, iliyozamishwa kwa makusudi 2002 ili iwe makazi ya samaki. Imekaa kwenye kina cha karibu mita 30. Kila mtu anaitaka Dania siku ya kwanza.

Fanya hesabu. Ukianza na bari 200 na kurudi na 50, una lita 1,665 za kutumia. Aliyetulia anavuta lita 20 kwa dakika juu ya maji, lakini aliyepotea miaka miwili anavuta 25 bila kujua. Kwenye mita 30 presha ni mara nne, kwa hiyo ni lita 100 kwa dakika: dakika 16, pamoja na kushuka na kupanda. Kwenye mita 12 ni lita 55 kwa dakika: nusu saa nzima. Na jedwali la PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, linampa mtu wa hewa ya kawaida dakika 20 tu kwenye mita 30, dhidi ya 56 kwenye mita 18. Siku ya kwanza mwamba, Dania siku ya tatu.

Kabla ya vyote viwili, kama umepitisha mwaka, lipia kipindi cha kujikumbusha na mkufunzi. Bwawani au baharini? Bwawa la hoteli lina maji meupe na unaweza kusimama ukishtuka, linafaa kwa aliyepitisha miaka mitatu na zaidi. Kwa wa mwaka mmoja au miwili, mita 5 za maji tulivu baharini zinatosha na hazikuli siku. Dai mambo manne yafanyike: kujaza miwani maji na kuyatoa, kuitafuta regyuleta iliyochomoka, kupumulia hewa ya mwenzako, na kukaa katikati ya maji bila kugusa chini kwa dakika moja. Mkufunzi akikuambia "wewe mzoefu, twende tu," mwambie hapana.

Dodoso la afya lijaze nyumbani, si juu ya boti. Pumu, moyo, upasuaji wa karibuni, ujauzito, na baadhi ya maswali ya waliopita miaka 45 huhitaji sahihi ya daktari, na hutapata daktari saa mbili asubuhi ufukweni. Mwenye mafua aahirishe. Dawa ya kuzibua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, na hewa ikanaswa sikioni wakati wa kupanda.

Kwenye begi, usiweke mifuko ya plastiki wala chupa za maji za kutupa. Mifuko ilipigwa marufuku Kenya 2017, na plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi tangu Juni 2020. Leso mbili kuukuu zinafunga regyuleta vizuri kuliko nailoni, na baadaye zinakausha.

Kurudi Nairobi: ndege, basi, au treni

Wengi wanajua kusubiri kabla ya kupanda ndege. Wachache wanakumbuka kwamba Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribia kile ambacho mwili wako unahisi ndani ya ndege ya abiria. Voi iko karibu na mita 600, na kutoka hapo unapanda tu. Nitrojeni iliyobaki mwilini hugeuka mapovu presha ikipungua, na haijali kama umepandishwa na mabawa au na reli.

Kwa hiyo kwa mzamiaji, treni kutoka Miritini, basi la usiku na ndege ni kitu kimoja. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri saa 12 baada ya mzamo mmoja usio na vituo vya lazima vya kutoa nitrojeni wakati wa kupanda, saa 18 baada ya mizamo kadhaa au siku kadhaa mfululizo, na unahusu vimo vya kuanzia mita 600 hivi. Ukizamia Jumamosi na kutoka majini saa sita mchana, saa 18 zinaisha saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, kwa hiyo treni ya alasiri unaipanda ukiwa na akiba. Ukizamia Jumapili asubuhi na kupanda treni siku hiyo hiyo, umekosea hata kama hukuhisi lolote.

Asubuhi hiyo ya Jumapili ndiyo ya kusuuza. Ndoo ya maji yasiyo na chumvi, nusu saa ya kulowekwa, kifuniko cha vumbi kikiwa kimefungwa na kukauka, na usibonyeze kile kitufe cha katikati cha regyuleta ikiwa majini, maana maji yatapanda paipu mpaka hatua ya kwanza. Jaketi ijaze nusu ikauke kivulini. Kisha andika kwenye karatasi kilo za risasi ulizotumia, unene wa suti na aina ya mtungi, uifunge kwenye mkanda wa miwani kabla begi halijarudi stoo.